Wanaume wa Soweto, nazungumza nanyi



Kila mwaka, Novemba 25 hadi Desemba 10, tunapoadhimisha Siku 16 za Kupinga Ukatili wa Kijinsia, viti hujaa akina mama. Leo wanaume mmekuja wengi, kwa hiyo nitasema nanyi.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta wanawake 4 kati ya 10, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wamewahi kupigwa tangu wafikishe miaka 15. Waliopigwa walikuwa na majirani.

Hapa Soweto tunapanga chumba kwa chumba. Mama akipigwa usiku, nyumba nzima inasikia. Mwanaume wa chumba cha jirani anageukia ukutani: "Ya mume na mke hayo." Asubuhi anakunywa chai na mpigaji kijiweni, wala hamuulizi kitu. Ndugu zangu, kwa mpigaji, ukimya ule ni ruhusa.

Wengine husingizia pombe. Mbona akilewa hampigi mwenye kilabu? Hampigi polisi. Anajizuia mpaka afike kwa mkewe.

Lakini hali hii inaweza kubadilika: Kampala, kati ya 2007 na 2012, mpango wa SASA! uliwatumia wakazi wenyewe, wake kwa waume, kuzungumza na wenzao mitaani, sokoni na vijiweni. Kipigo cha wenza katika maeneo hayo kilikuwa pungufu kwa takribani nusu, kikilinganishwa na maeneo ambayo mpango haukufika. Nalisema hili kwa furaha: wanaume waliwasikiliza wanaume wenzao.

Kwa hiyo naomba kila kijiwe na kila kizimba cha sokoni kitoe wanaume wawili. Mkisikia kelele, msiende peke yenu. Mwiteni balozi wa nyumba kumi, gongeni mlango, mtoeni mama na watoto. Aliyeumia afike hospitali na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Tafadhali, msimrudishe kwa kikao cha kumwambia avumilie.

Afisa wa Dawati yupo meza ile ya kushoto na daftari lake. Wanaume, tuanze kujiandikisha sasa hivi, kabla ya ngoma. Natamka kwamba kampeni hii ya wanaume dhidi ya kipigo imezinduliwa rasmi.