Chipsi na Rika: Mivuto ya Kijamii katika Ulaji wa Vijana Balehe Mjini Tabora

Chakula cha haraka mjini Tabora hakitoki katika migahawa mikubwa yenye majina ya kigeni. Ni chipsi za kwenye kabati la kioo kando ya barabara, zikiwa kavu au zege (zilizokaangwa na mayai), pamoja na mishikaki, sambusa na soda. Viazi mviringo si zao la Unyamwezi, eneo linalozunguka Tabora. Huletwa na malori kutoka Nyanda za Juu Kusini, ilhali viazi vitamu vya hapa na michembe yake (vipande vilivyokaushwa) hubaki chakula cha nyumbani. Sahani ya chipsi ni ghali kuliko muhogo wa kuchemsha, nao muhogo hushibisha zaidi. Kwa hiyo njaa peke yake haielezi kwa nini kijana hupendelea chipsi.

Kununua chakula njiani ni desturi ya zamani hapa. Katika karne ya 19, misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipumzika Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, na wapagazi walipewa vitambaa au shanga za kununulia nafaka. Reli ilipofika mwaka 1912, abiria wakawa wateja wapya. Ila mnunuzi wa enzi hizo kwa kawaida alikuwa msafiri aliye mbali na jiko la kwao. Wa leo ni mwanafunzi ambaye kwao pengine ni mtaa wa pili.

Mapenzi ya chipsi mara nyingi huanzia kwa wazazi. Mshahara ukitoka, baba hurudi na mfuko wa chipsi kuku; mtoto akifaulu, huzawadiwa hizo hizo. Kwa mwanafunzi wa bweni, aliyezoea ugali na maharage, chakula cha kukaanga kinacholetwa na mgeni wake huwa na ladha ya nyumbani, hata kama kimenunuliwa stendi.

Rika hukamilisha kazi iliyoanzwa na wazazi. Wavulana huchanga fedha, huagiza sahani moja na kuizunguka kwa vijiti, hasa jioni za mpira kwenye vibanda umiza, vibanda vya kuonyeshea mechi. Asiye na mchango huitwa mzamiaji, na wapo wanaokwepa kijiwe kwa aibu hiyo. Kwa wasichana sahani hiyo hiyo huweza kuwa chambo: chipsi na lifti ya bodaboda vimetajwa mara nyingi nchini katika mijadala ya mimba za wanafunzi. Marekebisho ya Sheria ya Elimu yaliyofanywa mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba, lakini sheria hiyo haimpi msichana nauli wala chakula cha mchana.

Kwa upande wa afya, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na mtoto apate pungufu ya hapo. Ushauri huo ni sahihi, lakini haujibu hofu ya kijana ya kutengwa na wenzake. Chakula cha shuleni hukaribia zaidi kiini cha tatizo, kwa kuwa wote hula chungu kimoja. Katika shule za kutwa, hata baada ya ada kufutwa mwaka 2016, chungu hicho kimeendelea kutegemea sana michango ya wazazi. Ambako michango haitoshi, mchuuzi wa getini ndiye mpishi wa shule.