Hotuba ya Mwenyekiti: Sikukuu, Soko la Hisa na Fedha za Kikundi Chetu

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wetu wa mtaa na kata, viongozi wa dini, wenzetu mliotoka Iringa mkapitia Mafinga na Makambako hadi kutufikia hapa Mbeya, ndugu wanachama, mabibi na mabwana.

Kwanza kabisa tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha miaka kumi tukiwa wazima. Habari za mapato, mikopo na marejesho mmezisikia kwenye risala ya katibu. Sisi tumeona tuzungumzie jambo moja tu, ambalo akina mama wengi wameuliza: kwa nini fedha tulizoweka kwenye hisa huchelewa pale tunapozihitaji sana, yaani mwisho wa mwaka?

Ndugu zetu, Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianzishwa mwaka 1996, na biashara ikaanza Aprili 1998. Kampuni ya kwanza kuorodheshwa ilikuwa TOL. Benki ya NMB iliingia mwaka 2008, na CRDB mwaka 2009. Hapo ndipo watu wengi wa mikoani kama sisi wakaanza kusikia habari za hisa.

Sasa soko hilo si kama Mwanjelwa. Mwanjelwa hata Krismasi asubuhi utampata mama mmoja na fungu lake la nyanya. Soko la Hisa hufanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, na siku ya sikukuu ya taifa hufungwa kabisa. Tazameni Nane Nane. Sisi huku siku hiyo tuko uwanja wa John Mwakangale tunauza mpaka sauti zinakauka, lakini kule Dar es Salaam hakuna hisa hata moja inayouzwa.

Siku hiyo hisa yako haijapotea, ni yako vilevile. Ila huwezi kuuza wala kununua, na bei inabaki ilipokuwa. Habari zikitokea katikati, njema au mbaya, bei huzipokea soko likifunguliwa.

Tena kuna jambo la pili, na hili ndilo linalotugusa. Ukiuza hisa leo, fedha haziji leo. Zinakuja baada ya siku tatu za kazi. Tumesema siku za kazi, jamani, siyo siku za kalenda. Jumamosi haihesabiwi, Jumapili haihesabiwi, sikukuu haihesabiwi.

Mwenzetu mmoja aliuza hisa zake Jumatatu tarehe 23 Desemba 2024 ili anunue mbolea ya kukuzia, maana mahindi yalikuwa yameshaota. Alihesabu kwa vidole: Jumanne, Jumatano, Alhamisi, fedha hizi hapa. Lakini Jumatano ilikuwa Krismasi, na Alhamisi siku ya kufungua zawadi. Basi siku za kazi zikawa Jumanne tarehe 24, Ijumaa tarehe 27 na Jumatatu tarehe 30. Siku tatu zikageuka wiki nzima. Mvua haikumngoja. Akakopa kwa mtu wa riba, na riba ile ikamla kuliko faida ya hisa. Kuna waliosema ameibiwa. Hakuna aliyemwibia, ni kalenda tu.

Mwisho wa mwaka una mitego mingi: tarehe 9 Desemba Uhuru, tarehe 25 na 26 Krismasi, tarehe 1 Januari Mwaka Mpya, tarehe 12 Januari Mapinduzi ya Zanzibar. Na hicho ndicho kipindi cha mbolea na mahitaji ya shule. Aprili nayo haiko nyuma. Mwaka 2024 Jumatatu ya Pasaka ilikuwa tarehe 1, Idd tarehe 10, Muungano tarehe 26, na kabla hatujapumua ikaja Mei Mosi.

Sikukuu nyingine hazijulikani mapema. Idd inategemea mwandamo wa mwezi. Na mara nyingine Serikali hutangaza mapumziko, kama tarehe 23 Agosti 2022, siku ya Sensa. Ndiyo maana tunasema, ukihesabu siku, ongeza moja au mbili za akiba.

Wengine wameuliza habari za majirani. Kila nchi na kalenda yake. Tarehe 9 Desemba Dar es Salaam wamefunga, Nairobi wako kazini. Tarehe 12 Desemba Nairobi wamefunga kwa ajili ya Jamhuri, Dar es Salaam wanauza. Kenya sikukuu ikiangukia Jumapili wanapumzika Jumatatu, kama ilivyokuwa Mashujaa mwaka 2024, wakapumzika tarehe 21 Oktoba. Kwa hiyo mwenye hisa za kampuni iliyoorodheshwa kote kuwili, kama benki ya KCB, aangalie kalenda mbili.

Vilevile kwenye gawio. Kampuni hutangaza siku ya kufunga daftari la wanahisa. Ukinunua umechelewa, na sikukuu ikakaa katikati, jina lako halitaingia kwa wakati na gawio litakwenda kwa aliyekuuzia.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, kikao kimekubaliana mambo matatu. Kwanza, fedha za mbolea na ada hazitaingia kwenye hisa kamwe, zitakaa ambapo mkono unafika. Pili, mwenye nia ya kuuza kwa mahitaji ya mwisho wa mwaka ampe dalali wa hisa maagizo mwezi Novemba, kwa sababu hata soko likiwa wazi, mnunuzi anaweza asipatikane siku ileile. Tatu, kalenda ya sikukuu itabandikwa ukutani karibu na daftari la mikopo, na katibu ataizungushia wino mwekundu.

Hatusemi watu waache hisa. Haba na haba hujaza kibaba, na hisa nazo ni haba mojawapo. Tunasema mama ajue mlango unafungwa lini, kabla hajaenda kuugonga.

Wenzetu wa Iringa, wapelekeeni neno hili waliobaki nyumbani. Mungu atujalie miaka mingine kumi.