MARATHONI YA KWANZA NA SHIDA ISIYOTAZAMIWA

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa matawi ya Kitale na Bungoma



Nimeombwa niseme machache juu ya mbio ya marathoni, kwa sababu vijana kadhaa wa matawi yetu mawili wamejiandikisha kuikimbia kwa mara ya kwanza. Wengine wenu mnajiuliza, mbio na chama cha wafanya kazi vina uhusiano gani? Swali hilo nitalijibu kabla sijaketi. Kwanza na tuijue kazi yenyewe, maana hakuna mtu anayepatana mshahara wa kazi asiyoijua.

Marathoni ni maili 26 na yadi 385, yaani kilometa 42 na mita 195. Kipimo hicho kilitumika katika michezo ya Olimpiki ya London mwaka 1908, na mwaka 1921 kikathibitishwa kuwa kipimo cha dunia nzima. Mpate kukiona kwa macho: mtu akitoka mjini Kitale kwa miguu, akashika njia ya lami mpaka Makutano ya Kapenguria, bado hajamaliza marathoni. Hapo ambapo angependa kuketi chini anywe chai, ndipo anapoambiwa, "Endelea."

Sasa sikilizeni jambo ambalo humshangaza kila anayekimbia mara ya kwanza. Mwili una ghala yake. Ugali, viazi na wali tunaokula hugeuka kuwa sukari, nayo huwekwa akiba katika misuli na katika ini. Akiba hiyo haitoshi safari yote. Kwa wakimbiaji wengi huanza kuisha karibu na kilometa ya 30. Mtu aliyekuwa akicheka na wenzake huona miguu imekuwa kama magogo, na kichwa kinamwambia arudi nyumbani. Nyinyi watu wa Trans Nzoia mnaelewa vizuri habari za ghala. Mkulima anayeuza magunia yote mwezi wa mavuno, kabla ya mavuno mengine atapanga mstari dukani kununua unga. Kwa hiyo shida ya kilometa ya 30 mara nyingi imeanzia kilometa ya kwanza, pale mtu alipokwenda mbio kwa furaha ya kupigiwa makofi.

Hiyo ni shida ijulikanayo. Lakini iko shida nyingine ambayo haimo katika hesabu ya mtu ye yote, na juu ya hiyo nitawapa mifano ya watu wa kweli.

Mfano wa kwanza ni jirani yetu. Tegla Loroupe alizaliwa mwaka 1973 katika Pokot Magharibi, nchi ya milima iliyo kaskazini ya Kitale. Alikuwa msichana mdogo wa umbo, na wakubwa wa riadha mwanzoni hawakutaka kumsaidia, wakisema ni mdogo mno na mwembamba mno. Mwaka 1988 alishinda mbio ya nyika bila viatu, nao wakabadili maneno. Mwezi wa Novemba mwaka 1994, akiwa na umri wa miaka 21, alikwenda New York kukimbia marathoni yake ya kwanza kubwa. Alishinda kwa saa 2, dakika 27 na sekunde 37, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda marathoni ya cheo hicho. Mwaka uliofuata alirudi akashinda tena, ingawa alikuwa katika msiba wa dada yake aliyefariki muda mfupi kabla ya mbio. Mwaka 1998, mjini Rotterdam, alivunja rekodi ya dunia ya wanawake iliyokuwa imekaa miaka 13.

Lakini sikumtaja kwa ajili ya ushindi. Watu wengi wanakumbuka ushindi wake na kusahau mwaka 2000. Mwaka huo alikwenda Olimpiki ya Sydney, na watu wengi walimtazamia kushinda. Usiku wa kuamkia marathoni chakula kilimdhuru vibaya. Asubuhi alisimama kwenye mstari pamoja na wengine. Alimaliza mbio yote, akawa wa 13. Siku chache baadaye aliingia tena uwanjani kwa mita 10,000, akakimbia bila viatu, akafika wa tano. Baadaye alieleza kwamba alifanya hivyo kwa sababu aliona ana wajibu kwa watu wa nyumbani waliokuwa wakimtumainia. Ndugu zangu, nafasi ya 13 haipewi medali. Hata hivyo mimi naiona kazi ya siku ile kuwa kubwa kuliko ya siku aliyoshinda, kwa kuwa siku ya ushindi mwili wote ulikuwa upande wake.

Mfano wa pili ulitokea siku ile ile ya mwaka 1994 huko New York. Kwa upande wa wanaume, Germán Silva wa Mexico alikuwa akiongoza pamoja na mwenzake Benjamín Paredes. Ikiwa imebaki pungufu ya maili moja, Silva alifuata gari la polisi lililokuwa mbele yake, akakata kona isiyo yake. Alipogundua, mwenzake alikuwa amekwisha kwenda. Silva hakusimama kubishana ni nani wa kulaumiwa. Aligeuka, akarudi njiani, akamfukuza Paredes, akampita, akashinda kwa sekunde 2. Malalamiko yana wakati wake na mahali pake, lakini njiani kwanza hurudi njia.

Mfano wa tatu ni wa upande wa Bungoma, nao si wa marathoni bali ni wa mita 1,500. Ben Jipcho alizaliwa mwaka 1943 katika Mlima Elgon, akawa askari wa magereza. Katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 alikuwa uwanjani pamoja na Kipchoge Keino. Mmarekani Jim Ryun aliogopwa kwa sababu ya kasi yake ya mwisho. Jipcho alitoka mbele tangu mzunguko wa kwanza, akavuta mbio kwa kasi kali, hata Keino alipoishika mbio Ryun alikuwa ameachwa mbali. Keino alipata dhahabu. Jipcho, aliyejichosha kwa ajili ya mwenzake, alifika wa 10. Miaka minne baadaye, huko Munich, naye alipata medali ya fedha katika mbio ya kuruka viunzi na maji. Alifariki mwaka 2020. Kila mkimsifu Keino kwa siku ile, mtajeni na yule aliyevuta.

Sasa yafaa tuseme wazi jambo moja, nisije nikaeleweka vibaya. Kuvumilia si kuwa mkaidi. Yako maumivu ya kuvumilia na yako maumivu ya kukataa. Miguu mizito, kiu, uchovu na moyo wa kukata tamaa, hayo huvumiliwa: punguza mwendo, tembea kidogo, kunywa, kisha endelea. Lakini maumivu ya kifua, kizunguzungu, kuchanganyikiwa akili, au maumivu makali ya mfupa yanayozidi kwa kila hatua, hayo ni amri ya kusimama. Anayesimama kwa sababu hizo hajashindwa. Marathoni nyingine itakuja, lakini moyo wa akiba hauuzwi dukani.

Na hapa ndipo jibu la swali lenu. Sisi wafanya kazi tumefundishwa siku nyingi kwamba mtu mzuri ni yule anayevumilia kila kitu. Si kweli. Uchovu wa zamu ndefu wakati wa mavuno twauvumilia, kwa kuwa una mwisho na una malipo. Lakini mashine isiyo na kinga, dawa ya kunyunyizia bila kifuniko cha pua, mkono ulioumia na msimamizi anasema "maliza kwanza", hayo hayavumiliwi. Anayeumia kazini ana haki ya fidia kwa sheria ya mwaka 2007, na lazima habari ipelekwe kwa mwajiri na kwa tawi bila kukawia. Mtu anayejua kutenganisha maumivu hayo mawili atafaa katika mbio, na atafaa zaidi katika chama.

Kwa vijana wetu waliojiandikisha, nasema haya matano.

Kwanza, jitayarisheni kwa miezi, si kwa majuma. Ongezeni urefu kidogo kidogo, na siku moja ya juma iwe ya mbio ndefu ya polepole. Anayetoka zamu ya usiku alale kwanza, kwa maana usingizi nao ni mazoezi.

Pili, siku ya mbio msijaribu jambo jipya. Viatu viwe vilivyozoea mguu, na chakula kiwe kile ambacho tumbo linakijua.

Tatu, nusu ya kwanza nendeni taratibu hata mwone haya. Wanaowapita kwa kelele asubuhi mtawakuta wameketi kando ya njia.

Nne, kunyweni maji kidogo kidogo tangu mapema. Na kumbukeni tofauti ya nchi zetu: Kitale iko juu ya futi 6,000, na Bungoma iko chini yake kwa zaidi ya futi elfu moja. Wa Kitale akishuka ataona joto, na wa Bungoma akipanda ataona pumzi fupi. Kila mmoja afike mapema azoee.

Tano, kimbieni wawili wawili. Mmoja akipatwa na shida, mwingine amwambie ukweli: ama "twende", ama "simama".

Na sisi ambao hatutakimbia tunayo kazi yetu. Naona katika mbio nyingi watu hujazana kwenye mstari wa mwisho, penye vigelegele na picha. Mkimbiaji aliyefika pale hana shida tena na mtu. Naomba kamati za matawi yote mawili zipange watu wasimame kilometa ya 30, wakiwa na maji, ndizi na majina ya vijana wetu mdomoni. Pale hapana picha wala vigelegele. Lakini pale ndipo mtu anapoamua kama atarudi nyumbani au ataendelea, na pale ndipo anapotakiwa mwenzake.

Wale watakaokubali kusimama huko, waandikishe majina kwa makatibu wao leo kabla ya kutoka.