Habari za Ngoma ya Beni
(Maneno yaliyosemwa mbele ya waalimu na wazee wa mitaa, siku ya pili ya Jubilei)

Jana jioni, maandamano yalipokuwa yakipanda kilima kuja kanisani, vijana walitangulia na ngoma kuu na tarumbeta, safu nne nne, wakiinua mguu na kuukawiza kidogo kabla ya kuukanyaga chini. Wengi walifurahi. Lakini mzee mmoja aliyesimama karibu nasi, mkubwa wetu sote kwa umri, alitikisa kichwa akasema, "Hii ni beni. Leo mnaileta beni kanisani?" Hatukumjibu papo hapo, maana maandamano hayamngoji mtu. Usiku tulilifikiri swali lake. Na tulipotakiwa tuseme neno asubuhi hii juu ya habari za kale, tuliona afadhali tumjibu yeye kwanza.

Tena hakukosa. Mwendo ule ni wa beni kweli kweli. Wala yaliyosemwa zamani juu ya beni katika mitaa yetu si madogo: wako watu waliofungiwa Meza ya Bwana kwa ajili yake. Basi na tuulize, ngoma hii ilitoka wapi?

Jina lenyewe ni neno la Kiingereza, maana yake kundi la wapiga muziki, ambalo watu wa pwani walilitia kinywani mwao likawa la Kiswahili. Ilianza katika miaka ya 1890 kwenye miji ya pwani ya kaskazini, Mombasa na Lamu. Siku zile watu walikuwa wameona mambo mapya machoni pao. Kule Unguja Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alikuwa na wapiga tarumbeta wake. Manowari zilitia nanga, wanamaji wakashuka na muziki wao. Na ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa palikuwa na mji wa Freretown, ambao wamisionari wa C.M.S. waliuanzisha mwaka 1875 uwe makao ya watumwa waliokombolewa. Huko vijana wa misioni walifundishwa kupiga vyombo vya shaba na kwenda kwa safu.

Hapo ndipo tunapotaka mzee wetu atusikilize. Beni haikutoka porini, wala haikutoka mizimuni. Baba zake ni wengi, na mmoja wa baba zake ni misioni yenyewe. Tuliwafundisha vijana tarumbeta Jumapili. Walipoipiga Jumatatu mjini, tukashangaa.

Lakini tusidhani kwamba watu wa pwani waliiga tu kama mtoto anavyomwiga baba yake. Walikuwa nazo ngoma za mashindano tangu kale. Mtaa na mtaa, ukoo na ukoo, walishindana kwa mashairi, kwa mavazi, kwa kuchinja ng'ombe na kulisha wageni, hata wengine wakaingia katika madeni makubwa, na hili hatulisifu. Beni iliingia katika desturi hiyo kama mtu aingiavyo katika nyumba iliyokwisha jengwa. Mombasa kulikuwa na vyama viwili vilivyopingana, Kingi na Scotchi. Baadaye, katika miji ya Tanganyika, yakawa majina mawili yaliyojulikana kila mahali: Marini na Arinoti. Marini walijiona wastaarabu, watu wa mjini na wa kalamu. Arinoti waliwapokea wapagazi na watu wa bara. Kila chama kilikuwa na Kingi wake, na chini yake majenerali, mahakimu, madaktari na makoplo, kila mtu na cheo chake na alama yake begani. Wanawake nao walikuwa na vyeo vyao.

Wazungu wengi walipoona haya walicheka, wakasema ni mchezo wa nyani. Sisi hatucheki. Mtu aliyeitwa "boi" mchana kutwa, jioni alivaa nguo safi akaitwa Jenerali, na watu mia wakamtii kwa mluzi mmoja. Ni nani asiyependa hayo?

Kisha vikaja vita vya mwaka 1914. Askari wa Wadachi walicheza beni, na askari wa Waingereza walicheza beni. Wakipigana mchana, walikuwa na ngoma moja usiku. Wachukuzi wa mizigo nao, ambao kwa ajili yao mtaa mmoja wa Dar es Salaam unaitwa Kariakoo hata leo, waliichukua pamoja na mizigo yao. Walikwenda kwa maelfu, na wengi hawakurudi. Jeshi la Wadachi lilipoweka silaha chini kule Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, waliosalia walirudi kwao, na kila mmoja alirudi na mwendo ule miguuni. Hivyo ngoma ya pwani ikafika Tabora na Iringa, ikafika Nyasa, ikafika hata migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, nchi iitwayo sasa Zambia.

Serikali ya Waingereza ikaingiwa na hofu. Yawezekanaje, walisema, watu wasiojua kusoma wawe na chama chenye matawi katika kila mji, chenye vyeo na barua na fedha? Lazima pana siri. Maofisa wa upelelezi wakaandika taarifa nyingi. Mwaka 1935, kodi ilipopandishwa, wafanya kazi wa migodi ya shaba waligoma, na huko Luanshya tarehe 29 Mei askari walipiga bunduki wakaua watu sita. Tume iliyokaa kuchunguza sababu ilisikiliza ushahidi mwingi juu ya wachezaji wa Mbeni, maana hivyo ndivyo ilivyoitwa kule. Kwa kweli kilichowaudhi watu ni kodi. Lakini ni rahisi kuilaumu ngoma, kwa kuwa ngoma husikika.

Na siri ile iliyotafutwa ilikuwa nini? Ni hii: mtu wa Marini alipofika mji mgeni, aliuliza nyumba ya Marini, akapewa mahali pa kulala. Alipougua, walimletea uji. Alipokufa, walimnunulia sanda, wakachimba kaburi, wakamwimbia.

Kanisa nalo lilikataza, pengine kwa ukali kuliko serikali. Hatusemi kwamba hapakuwa na sababu: palikuwa na pombe, palikuwa na ugomvi, palikuwa na nyimbo za matukano. Lakini wengi walikataza bila kutazama. Aliyetazama kwanza ni Padre Vincent Lucas wa Masasi, aliyekuwa Askofu wa kwanza wa Dayosisi ile mwaka 1926. Yeye aliutazama unyago wa wavulana, akakaa na wazee, akauliza hili ni la nini na lile ni la nini, kisha akatafuta namna Wakristo watakavyoufanya bila kuacha imani yao. Si wote waliokubaliana naye, hata leo wako wasiokubali. Walakini aliuliza. Kwa beni hatujasikia aliyeuliza hivyo.

Penye ziwa Nyasa watu waliigeuza kwa njia yao wenyewe. Tarumbeta za shaba ni ghali, basi walichukua vibuyu, wakatoboa tundu, wakaliziba kwa utando wa buibui, wakavumisha sauti ndani yake, na sauti ikatoka kama ya shaba. Hiyo ndiyo malipenga, na kwa wengine mganda. Safu, kaptura nyeupe, mluzi wa kamanda, vyote vimo. Huko Zambia ilizaa ngoma ya kalela, ambayo mtaalamu J. Clyde Mitchell aliiandikia kitabu mwaka 1956: vijana wa kabila la Wabisa, viatu vyao vimeng'arishwa, wana "daktari" wao mwenye kanzu nyeupe na msalaba mwekundu, na ngoma zao ni mapipa ya mafuta yaliyowambwa ngozi.

Baada ya uhuru kukawa na hukumu ya namna nyingine. Tarehe 10 Desemba 1962 Rais Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni, akasikitika kwamba vijana wanajua dansi za Ulaya na Marekani wala hawajui za kwao. Akazitaja kwa majina, gombe sugu, mangala, kiduo, lelemama. Beni haimo. Hatushangai: ilivaa kofia ya mgeni, ikadhaniwa ni mgeni. Misioni ilisema ni ya kishenzi. Wengine wakasema ni ya kizungu. Na watu wenyewe waliendelea kuicheza. Unguja ingali yatembea njiani siku za harusi.

Makanisa nayo yamegeuka. Katika miaka ya 1950 Padre David Clement, Mkanada, alijenga kanisa la Bujora karibu na Mwanza, akawakaribisha Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma vinavyocheza kwa wakati mmoja, kila kimoja kikijaribu kuwavuta watazamaji wa mwenzake. Sikukuu yao ya Bulabo yatokana na sikukuu ya Mwili wa Kristo. Na mwaka 1988 Roma iliikubali ibada ya Misa ya Zaire, ambamo padre na watumishi huizunguka altare kwa mwendo wa ngoma. Mikali binti Sauli angalikuwako, labda angalitazama tena dirishani.

Sasa tumalize kwa habari moja, tuliyoiona wenyewe. Tulipoanza kazi ya ualimu, karibu na mwaka 1970, katika mtaa ambao hatutautaja, palikuwa na mzee aliyekuwa Koplo wa Arinoti katika ujana wake. Alifungiwa Meza miaka mitatu kwa sababu ya beni. Katika miaka hiyo mtoto wake wa kwanza alifariki. Mwalimu wa wakati ule hakwenda mazikoni, alikatazwa au aliogopa, hatujui. Arinoti walikwenda. Walikuja na sanda na majembe, wakakaa matanga hata mwisho. Mzee alitusimulia haya bila hasira, akachukua kutoka juu ya kabati firimbi ya shaba iliyochakaa, akaipiga mara moja, wajukuu wake wakacheka.

Alikuwa amekwisha kurudishwa Mezani zamani, wala hakukosa Jumapili moja. Alipokaribia kufa alituomba neno moja tu, kwamba firimbi ile awekewe mkononi. Tulimwuliza padre, padre akanyamaza kitambo, kisha akasema kwamba yeye hana desturi ya kufunua sanda na kutazama mikono ya maiti.

Basi, mzee wetu, ndiyo. Ni beni. Saa tisa vijana watazunguka tena kutoka shuleni mpaka kaburi la waalimu wa kwanza, na firimbi atakayopiga kiongozi wao ni mpya, maana ile ya zamani imo ardhini.