Pango la Choo Linakwenda Wapi?

Misafara ya pembe za ndovu kati ya Bagamoyo na Ujiji ilitua hapa Tabora, enzi hizo Kazeh. Reli ikafika mwaka 1912, na mpaka leo hapa ndipo njia za Mwanza na Kigoma zinapoachana. Mji wa wapita njia, basi.

Na mpita njia akishuka huulizia choo. Kwenye stendi na masoko mengi nchini anatoa shilingi 200 au 300 mlangoni, kisha anakuta komeo limeng'oka na pipa limekauka. Mama lishe aliyepo tangu alfajiri, akienda mara nne, hela ya mkaa imekwisha. Afadhali asinywe maji.

Tatizo ni hesabu. Wakala anayeendesha choo akishailipa halmashauri pango la mwezi, kilichobaki ndicho kinunue sabuni na kuvuta shimo; ikibana, sabuni ndiyo ya kwanza kukatwa. Ujenzi ubebwe na bajeti kama mitaro ya barabara, ada ibaki ya usafi, na anayelipa ushuru wa soko asitozwe tena chooni. Maji ya Ziwa Victoria yameshafika Tabora, kwa hiyo ukame si kisingizio. Madiwani waulize kikaoni: pango la vyoo linaingia akaunti gani, na limetumika kwa nini?