Kabla ya kufunga kibanda cha gemu, tuingie kwanza tuone

Hotuba iliyosomwa mbele ya vikundi vya kujisaidia vya Busia na Malaba

  Tunajua mmeacha biashara zenu ili kuja hapa, kwa hiyo hatutazunguka sana.

Tumeombwa tuseme juu ya jambo linalosumbua nyumba nyingi. Vijana wetu wanakaa saa nyingi wakitazama mtu mwingine akicheza gemu, ama kwenye kibanda, ama kwenye simu. Si kucheza. Ni kutazama. Mzee mmoja alituuliza, "Kama angekuwa anacheza mwenyewe, ningeelewa. Lakini kutazama mwingine akicheza, yeye anapata nini?" Swali hilo ni la haki, na leo tutajaribu kulijibu.

KILICHOTUFIKISHA HAPA

Mwaka jana mama mmoja wa kikundi chetu alimtuma kijana wake wa miaka 17 apeleke mchango wa merigoraundi kwa mweka hazina. Ulikuwa mchango wake na wa majirani wawili, jumla Sh. 1,800. Pesa hazikufika. Kijana alipita kwenye kibanda cha gemu, akakuta wawili wanacheza mpira wa PlayStation na watu wamewazunguka, kila mmoja ameweka pesa kwa yule anayemwamini. Akaweka Sh. 200, zikaliwa. Akaweka nyingine ili aokoe zile za kwanza. Mpaka jua linatua, mfuko ulikuwa mtupu.

Na hiyo ilikuwa zamu ya mjane mmoja aliyekuwa akingoja pesa zile anunue mabati, kwa maana mvua ilikuwa karibu. Mama wa kijana alisimama mbele ya kikundi akalia. Sisi tulikasirika sana. Siku hiyo hiyo tukaandika barua kwa chifu kwamba kibanda kifungwe, na karibu wote tukatia sahihi.

Mama mmoja tu alisita, yule anayewauzia madereva wa malori chai kule kwenye foleni ya Malaba. Akasema, "Sahihi nitatia. Lakini nani kati yetu ameingia mle ndani?" Watu wakatazamana. Hakuna aliyekuwa ameingia. Basi barua ikawekwa kando kwanza, tukachagua watu watatu, tukaenda kukaa pale jioni tatu.

TULIYOYAONA

Kibanda ni cha mabati, televisheni mbili, benchi nne. Mchezo mmoja ni Sh. 20, na kanuni ni kwamba aliyefungwa ndiye analipa na kumpisha mwingine, mshindi anabaki. Mchezo wenyewe ni ule wa mpira ambao vijana wanauita FIFA. Kampuni ya EA ilianza kuutoa mwaka 1993, na tangu 2023 jina limebadilika kuwa EA Sports FC, lakini hapa kwetu bado ni FIFA tu.

Jioni ya kwanza tulihesabu watu 23. Waliokuwa wanacheza ni wanne. Hao 19 wengine walikuwa watazamaji, na wengi wao hawakuwa na hata shilingi. Tulidhani tutakuta watu wamelala kwa macho wazi. Kumbe sivyo. Walikuwa wanabishana, wanacheka, wanamwambia mchezaji, "Usipige hapo, mpe yule wa kushoto!" Kijana mmoja wa boda boda, mpole sana ambaye kanisani hatujawahi kumsikia akisema neno, pale ndiye mtangazaji. Anataja pasi, anataja makosa, watu wanamshangilia. Tulishangaa.

Mama wa chai naye akatuletea habari ya upande wake. Usiku, malori yakiwa yamesimama kungoja kuvuka kwenda Uganda, madereva wengine hulala kwenye kebini na simu mkononi. Alimuuliza mmoja wa kutoka Mombasa anatazama nini. Akajibu, "Natazama jamaa anacheza gemu ya kuendesha lori." Mama akacheka: umeendesha lori mchana kutwa, sasa unatazama lori tena? Dereva akamwambia, "Mama, mikono yangu imechoka. Huyu anaendesha na anaongea. Namsikiliza mpaka nashikwa na usingizi. Nikizima, kebini inanyamaza sana."

Maneno hayo yalitufundisha kuliko vitabu.

HATA SISI TULITAZAMA

Wazee wetu, tusijifanye jambo hili ni geni. Nani hapa hajasimama nyuma ya wachezaji wa ajua? Nani hajaona drafti ya vizibo vya soda chini ya mti, wawili wanacheza na kumi wamesimama wanatoa shauri ambalo hawakuombwa?

Na mpira je? Mwaka 1987 Gor Mahia ilipochukua Kombe la Washindi la Afrika pale Kasarani, wengi wetu hatukuwa uwanjani. Tulikuwa tumezunguka redio ya betri kwa jirani. Sauti ya mtangazaji kama Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, ilitosha kutufanya turuke juu. Hata kuona hatukuona! Tulisikia tu mtu akitueleza jinsi watu wengine wanavyocheza.

Halafu kumbukeni kadi za salamu. Mtu alinunua kadi kwa pesa yake, akaandika majina, akaituma redioni, akangoja kwa majuma ili asikie jina lake likisomwa. Alipata nini? Alisikia ametajwa.

Na nyinyi mnaovuka upande wa Uganda mnajua nyumba za video. Filamu inaonyeshwa, na kuna mtu wanayemwita VJ anaifasiri kwa Kiganda huku akiongeza utani wake. Watu humfuata VJ kuliko filamu yenyewe.

MAMBO HAYO YAMEINGIA KWENYE SIMU

Sasa chukua benchi la drafti, mtangazaji wa redio, kadi ya salamu na yule VJ, uviweke pamoja ndani ya simu. Hapo umepata kile kijana wako anachotazama.

Inakuwa hivi. Mchezaji anacheza nyumbani kwake, pengine Nairobi, pengine Marekani. Gemu yake inaonekana kwenye simu za watu wengine wakati ule ule, na sura yake iko pembeni. Anaongea tangu mwanzo mpaka mwisho. Watazamaji wanamwandikia, na yeye anasoma majina yao na kuwajibu. Analipwa na matangazo ya biashara, na pia zawadi za watazamaji.

Si jambo dogo. Kuna kampuni inayoitwa Twitch, ilianza mwaka 2011 kwa kazi hii. Mwaka 2014 kampuni ya Amazon iliinunua kwa dola za Marekani karibu milioni 970. Mwaka huo huo, kule Seoul, Korea ya Kusini, watu kama 40,000 walikaa uwanjani kutazama fainali ya gemu iitwayo League of Legends. Ni uwanja ule ule ambamo Senegal iliifunga Ufaransa katika Kombe la Dunia la 2002.

Na Kenya tumo. Msichana Mkenya, Sylvia Gathoni, anayejulikana kama Queen Arrow, aliwahi kusajiliwa na timu ya nje kwa ustadi wake katika gemu ya Tekken. Hatusemi kila kijana wa Busia atakuwa yeye. Wachezaji ni wengi sana na wanaolipwa ni wachache, sawa na mpira wa miguu. Tunasema tu kwamba kijana anayetazama hajapagawa. Anafanya kile ambacho watu wengi duniani wanafanya.

BASI ANAPATA NINI?

Tuliwauliza vijana wenyewe. Majibu yao tunayaweka pamoja hivi.

Kwanza, wanajifunza. Asiye na Sh. 20 anatazama siku tano, na siku ya sita akipata anacheza bila kufungwa haraka. Hata fundi cherehani huanza kwa kutazama mikono ya mwingine.

Pili, ni rahisi. Mashine yenyewe ni makumi ya maelfu ya shilingi. Kutazama kwenye benchi ni bure.

Tatu, wanapata wenzao. Hili ndilo kubwa. Kijana aliyemaliza shule na hana kazi, nyumbani anaulizwa kila asubuhi, "Wewe utakaa hapa mpaka lini?" Kule kwenye benchi akichelewa wanauliza, "Yuko wapi leo?" Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, mpaka zikafunguliwa kwa wote Januari 2021, watoto wengi walizoea kutafuta wenzao ndani ya simu. Wengine hawajarudi.

Hapa ndipo tulipoona aibu kidogo. Kikundi chetu kina umri wa miaka 14. Katika miaka hiyo, ni lini tulimwuliza kijana yeyote, "Yuko wapi leo?" Tunawaita wakati wa kubeba viti.

HATARI ZIPO

Tusielewe vibaya. Zile Sh. 1,800 zilipotea kweli, na mjane alinyeshewa kweli. Hatari ni hizi.

Kamari. Kutazama mchezo ni kitu kimoja, kuweka pesa juu ya mchezo ni kitu kingine, na kwa aliye chini ya miaka 18 sheria ya Kenya inakataza. Katika simu pia kuna michezo inayoitwa gemu na kumbe ni kamari tupu. Mzazi aulize: je, hapa pesa inawekwa?

Usingizi na pesa ya simu. Anayetazama mpaka saa nane usiku hawezi kushika jembe asubuhi, wala kalamu. Na picha zinakula intaneti haraka. Kuna aliyekuwa akikopa kwa simu ili aendelee kutazama.

Kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani lilikubali mwaka 2019 kuweka kucheza gemu kupita kiasi katika orodha yake ya magonjwa, na orodha hiyo ilianza kutumika Januari 2022. Dalili ni mtu kushindwa kujizuia, kuweka gemu mbele ya kila kitu, na kuendelea hata akiona inamharibia maisha, kwa kawaida muda wa miezi 12. Hilo ni la wanaocheza, na ni wachache. Lakini hata kwa anayetazama dalili hizo zinafaa kuangaliwa. Ukiziona, usimpige. Mpeleke hospitali azungumze na mtu anayejua.

TULIKUBALIANA NINI

Barua kwa chifu hatukuipeleka. Tulimwita mwenye kibanda. Alikuja akidhani ni vita, tukampa chai. Tukakubaliana mambo manne: hakuna kuweka pesa juu ya mchezo, hakuna mtoto mwenye yunifomu kabla ya saa kumi na nusu, kufunga saa mbili usiku, na mama yeyote anaweza kuingia wakati wowote bila kuuliza ruhusa. Mara mbili amevunja ahadi, mara mbili tumerudi. Ni kazi ya kila siku kama kupalilia.

Mjane alipata mabati kwa mchango mwingine, lakini alikuwa amechelewa majuma matatu na godoro lake liliharibika. Kijana alikuja mwenyewe kumwomba msamaha. Analipa deni kwa kuosha malori, Sh. 100 kila juma, na mweka hazina anaandika. Mpaka leo bado Sh. 500.

Je, ameacha kutazama gemu? Hapana. Jioni nyingi bado yuko kwenye benchi. Ila siku moja mama yake aliingia, akaketi kando yake, akamuuliza, "Huyu mwenye nguo nyekundu ni wetu?" Kijana akamweleza mchezo mzima. Mama anasema tangu alipokuwa mtoto mdogo hajawahi kuongea naye muda mrefu namna ile.

Na huyo mtangazaji mpole wa boda boda? Siku ya mkutano wetu wa mwaka tulimpa kipaza sauti asome hesabu ya kikundi. Ni mara ya kwanza watu hawakusinzia.

Ndugu zetu, hatujaja kuwaambia gemu ni nzuri au mbaya. Tumekuja kuwaambia tuliandika barua kabla ya kuona, na tungekosea. Nendeni mkaketi kwenye benchi jioni tatu. Baada ya hapo, kama ni kufunga, fungeni mkijua mnafunga nini, na mjue vijana hao mtawaketisha wapi.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu vijana hukutana wapi jioni? Nani kati yetu amewahi kuketi nao hapo?

2. Sisi tulipokuwa vijana tulipenda kutazama au kusikiliza michezo gani? Wazazi wetu walisema nini?

3. Tutajuaje tofauti kati ya mchezo na kamari? Waulizeni vijana wawaonyeshe kwenye simu.

4. Pesa za kikundi zinabebwa na nani? Je, ni haki kumtwika mtoto mzigo huo?

5. Ni kazi gani moja ya kikundi tunaweza kumpa kijana mwezi huu, mbali na kubeba viti?