Bastola iliyokufa isifufuliwe



Juma lililopita, baada ya kugawa mbegu, baba mmoja alinivuta pembeni. Ana bastola aliyoachiwa na mdogo wake. Risasi zake zimekwisha, na zinazopatikana ni za aina nyingine. Akaniuliza: fundi akibadilisha mtutu, si itakubali hizi? Anaogopa wezi wa usiku. Sikumcheka, hofu hiyo naijua. Lakini nilimjibu hapana, na leo nieleze sababu mbele ya wote.

Namba ya risasi inadanganya wengi. Parabellum na Makarov zote zinaitwa tisa, lakini ganda la kwanza lina urefu wa milimita 19 na la pili 18. Ya Makarov ni nene kidogo, ya Parabellum ina nguvu zaidi. Vivyo hivyo 7,62: ganda la Kalashnikov ni milimita 39, la FAL 51, la bastola ya Tokarev 25. Kiwandani silaha hupimwa kwa risasi yake yenyewe. Fundi wa mtaani hana vipimo hivyo. Chuma kikizidiwa hupasuka mkononi, karibu na uso, na turubai zetu hazizuii kipande kisimfikie mtoto wa jirani.

La pili ndilo linanisumbua zaidi. Bastola isiyo na risasi imekufa. Fundi akifufua moja, kesho ataletewa kumi, na watakaozileta si wababa wanaoogopa wezi. Ndiyo maana Mkataba wa Kinshasa wa nchi za Afrika ya Kati, uliopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika 2017, haukutaja bunduki peke yake. Umetaja pia risasi, na vipande vyote vya kutengeneza, kukarabati na kuunganisha silaha. Sisi katika mikutano yetu tumezoea kuuliza bunduki ngapi, basi. Hata mimi nimekosea hapo.

Wenzetu wa Msumbiji, vita vyao vilipokwisha 1992, waliliona hilo. Kuanzia 1995 Baraza la Kikristo la nchi hiyo lilipokea silaha na kutoa baiskeli, cherehani na vifaa vya kazi. Silaha zilikatwa vipande, wasanii wakaunda viti na sanamu. Kiti hakirudishwi kuwa bunduki kwa urahisi.

Sasa yule baba alale vipi? Swali lake ni la haki. Naomba viongozi wa bloku tubaki hapa tupange zamu za usiku, na mama waseme ni njia gani ya choo au ya maji inayotisha zaidi. Mwenye silaha asije nayo mkutanoni, wala asijaribu kuifungua. Anione faraghani, tutafute namna ya kuikabidhi bila kuipitisha katikati ya watu. Filimbi tulizoomba hazijafika. Bado nazifuatilia.